Mlingoti wa Galbet

Miaka ile ya tisini, kabla simu za mkononi hazijatufikia, mtaa wetu wa Galbet, mjini Garissa, ulikuwa na mlingoti mmoja wa maana: bomba la chuma la kisima, refu, limesimikwa uani kwa binamu ya mume wangu. Juu yake zilining'inia nyaya mbili. Mmoja ulishuka chumbani kwake, wa pili uliruka ukuta ukaingia kwetu. Kila waya ulikuwa na taar yake, yaani redio ya upepo, na watu walikuja kwetu au kwake kuzungumza na jamaa zao wa Wajir, Hadado, Buna, hadi Nairobi.

Mume wangu na binamu yake walianza kazi pamoja. Wakagombana, na mpaka leo sijui kwa nini, maana kila mmoja alikuwa na hadithi yake na zote mbili zilinichosha. Mume wangu alibaki na mashine. Binamu akanunua yake, akaanza kusema kwamba bomba likisimama kwake ni lake. Mume wangu naye akasema bomba walilibeba wote wawili mabegani, basi ni lake vilevile. Wazee waliamua nyaya zote mbili zikae. Binamu alikubali kwa mdomo. Lakini kila mteja wake alipovuka kuja kwetu, alitoka uani akautazama waya wetu.

Siku niliyoiogopa ilikuja alasiri, mume wangu akiwa msikitini na mimi nimekaa mashineni. Mwendeshaji wa Hadado aliingia hewani akipiga kelele. Mdogo wangu, dada yangu wa pekee, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na sasa damu ilikuwa haikatiki. Walitaka gari na mkunga kutoka Wajir, ila Wajir ilikuwa haiwasikii. Ndivyo taar zilivyokuwa: sauti iliwaruka majirani ikatua kwa walio mbali, na kazi yetu sisi wa Garissa ilikuwa kuwapokea hawa na kuwafikishia wale. Nikabonyeza kuita Wajir. Mashine ikakoroma, kisha ikanyamaza. Nikabonyeza tena. Wapi!

Nilitoka mbio. Binamu alikuwa juu ya ngazi, waya wetu ameuviringisha mkononi.

"Rudisha," nilimwambia. "Mdogo wangu anakufa Hadado."

"Mumeo amenichukulia mteja leo, mlangoni kwangu. Abaayo," akasema, yaani dada, "mwambie akuitie gari kwa mlingoti wake."

Wateja wake walikuwa wamekaa kivulini, wanawake kwa wanaume, masikio wazi. Ningeweza kuisukuma ngazi ile. Badala yake nilisema maneno ambayo kwetu hayasemwi ovyo: "Magan Allah, magan adiga." Niko chini ya ulinzi wa Mungu, na wako. Ukimwambia mtu hivyo mbele ya watu, shida yako imekuwa yake, na akikuacha, aibu itawafuata hata wanawe. Lakini mke wa mtu hamwambii hasimu wa mumewe maneno hayo. Ni kumvua mumeo nguo sokoni. Nililijua hilo vizuri sana, nikayarudia kwa sauti zaidi.

Binamu alishuka bila kunitazama, akaketi kwenye mashine yake. Aliita Wajir kwa Kiswahili, kwa kuwa mwendeshaji wa kule alikuwa Mborana, na kila kauli iliishia kwa "ofa", yaani zamu yako.

"Wajir, Wajir! Iko mama nazaa Hadado, damu mingi. Beleka gari na mkunga sasa hifi. Ofa."

"Gari iko na kazi ingine. Huyo mama ni mtu wako? Ofa."

Binamu aligeuka. Mume wangu alikuwa amefika mlangoni, tasbihi mkononi. Watu walikuwa wameshamweleza nilichosema.

"Ni dada yangu," binamu akasema. "Walahi, ni damu yangu. Ofa."

Gari likatoka. Sisi tukangoja. Mume wangu alikataa kuingia, akabaki mlangoni akinitazama kama mgeni. Adhana ya magharibi ilipolia, wanaume waliswali palepale uani, na hao wawili wakajikuta safu moja, bega kwa bega, kila mmoja ameukaza uso. Walikuwa bado kwenye mikeka Hadado ilipoita. Gari lilikuwa limefika. Mama yuko hai. Mtoto Mungu amemchukua. Halafu yule mwendeshaji, kwa nia safi kabisa, akauliza, "Kwani Garissa mlikata kwa nini?"

Sijui kama muda ule uliopotea ungemwokoa mtoto. Hakuna anayejua, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

Asubuhi waya wetu ulikuwa juu tena. Mume wangu alikaa siku nyingi bila kunisemesha, nami sikumbembeleza.

Mdogo wangu alipopata nguvu alikuja Garissa. Binamu alichinja mbuzi, akatuita sote. Tukiwa tunakunywa chai uani, dada aliinua macho kwenye ule mlingoti.

"Ndio huu?" akauliza. "Ni wa nani?"

Mume wangu akasema ni wa binamu yake. Binamu akasema hapana, ni wa mume wangu.