Wimbo wa Kumi na Nne

Kuider alikuwa amenakili CD mia tatu kwenye kompyuta ya duka la muziki la Miludi, mjini Oran, na kila wimbo aliuandikia jina la mwimbaji wake. Lakini ule mkusanyiko wa nyimbo za harusi ulimchemsha damu. Jaladani: Wasanii Mbalimbali. Nyimbo ishirini, hakuna jina hata moja! Na wimbo wa kumi na nne ulikuwa wa shangazi yake Zulikha, aliyewaimbia wanawake wa mji ule kwenye harusi zao miaka thelathini.

Akaandika: Zulikha. Miludi akamchungulia begani.

"Futa."

"Ni yeye, mzee! Sauti yake naijua tangu nanyonya."

"Jalada linasemaje? Wateja wanataka mpangilio, hawataki ukoo wako."

"Huyo Mbalimbali ni nani? Ana mama? Ana kwao?"

"Futa, au kesho ukauze dagaa."

Akafuta, huku akisaga meno. Watu wamekula jasho la mwanamke, kisha hata jina wamnyime!

Jioni akampelekea shangazi ule wimbo kwenye simu. Zulikha alisikiliza kidogo tu, akasimama.

"Mbiu iko wapi?"

"Mbiu gani, shangazi?"

"Mimi sikuweka picha wala jina kwenye kaseti, marehemu mume wangu alikataa katakata. Jina langu lilikaa mdomoni mwa Fatna, mpiga mbiu wetu. Kabla sijaanza, yeye anapaza: 'Huyu ni Zulikha! Asiyetaka kusikia akanywe chai kwao!' Wameikata! Wezi wasio na haya!"

Akafungua kabati, akatoa kaseti kuukuu iliyoviringishwa kwenye leso.

Asubuhi Kuider alitangulia dukani. Akaunganisha redio ya kaseti na kompyuta, akachukua sekunde tisa za Fatna, akazishona mwanzoni mwa wimbo. Penye jina aliacha Wasanii Mbalimbali, kama alivyoamriwa.

Adhuhuri, duka limejaa, Miludi akaufungulia ule mkusanyiko wa harusi kwenye spika za mlangoni. Wimbo wa kumi na tatu ukaisha. Fatna akapaza sauti hadi ng'ambo ya barabara.

Mama mmoja akaangusha kikapu, akapiga vigelegele. "Zulikha! Ndiye aliyeniimbia mimi!" Wengine wakampokea.

Miludi akageuka, uso umemwiva. "Si nilikwambia ufute?"

"Nilifuta, mzee. Sasa kamfute na yule mama."

Kuider akachukua koti lake, akaenda kuuliza bei ya dagaa.