Picha Niliyoiita Mbaya

Nauza mursik, maziwa yetu ya kibuyu, hapa Cheptiret. Binti yangu alinionyesha soko la kwenye simu ambapo watu wanauza mawazo ya matangazo. Mmoja akaniletea picha ya kibuyu kando ya viatu vyenye matope, na maneno, “Umefika nyumbani.” Mtu ambaye hajawahi kuniona, amejuaje moyo wangu?

Lakini sokoni huwezi kusifu kitu unachotaka. Nikaandika chini ya picha, kwenye maoni, “Hii ni mbaya,” nikangoja aniite tuelewane bei. Hakuniita.

Juzi nikaiona picha ile ile imebandikwa dukani kwa Mama Kiprop, mshindani wangu wa mursik.

“Mama,” Mama Kiprop akaniambia mbele ya wateja, “si wewe uliandika ni mbaya? Tulisoma sote. Mbona umesimama ukiiangalia tangu asubuhi?”