Mteuzi Hana Mama

Mwalimu wetu wa darasa la saba alituuliza kila mmoja angependa kufanya kazi gani akiwa mkubwa, na darasa zima likaimba wimbo mmoja: mwalimu, muuguzi, bwana shamba, ili nilitumikie taifa. Zamu yangu ilipofika nikasema nataka kazi yenye mshahara mkubwa. Kazi gani? Yoyote, nikasema, mradi mshahara uwe mkubwa. Miaka ile ya Ujamaa neno hilo halikusemwa hadharani. Mwalimu aliniita kupe mtoto, akanituma kufyeka majani nyuma ya choo mpaka kengele ya mwisho. Nilifyeka kwa hasira. Sikuliona kosa langu siku ile, na sasa nimestaafu bado silioni.

Mwalimu yule hakuwa ameitazama mikono yangu. Sisi watoto wa Urambo tulikuwa tunachuma tumbaku mbichi kabla ya kwenda shule, na utomvu wake hugeuka gundi nyeusi ambayo sabuni haiwezi kuitoa. Ukila ugali, unakula na uchungu wa tumbaku. Ukijifuta jicho, unalia. Tulifundishwa kwamba mchumia juani hulia kivulini. Mimi nilichuma juani tangu nikiwa sijafika kiunoni kwa mama, na kivuli pekee nilichokiona kilikuwa cha bani, kile kibanda cha udongo tunachokaushia majani kwa moto, ambako joto lilizidi la nje.

Baba alikuwa amefariki. Mama alilima peke yake, na mimi nikiwa msaidizi wake mbaya, maana sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Nikiketi kufunga majani, dakika haijapita nimeshasimama. Babu mzaa mama alikuwa mpagazi aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi, na mama alisema miguu ya baba yake ilimruka yeye ikanishukia mimi. "Mayu," alikuwa akiniambia, kwa maana kwetu mzazi humwita binti yake mama, "wewe utaolewa na barabara."

Kazi yenye mshahara mkubwa niliiona kwa macho siku ya soko. Mteuzi wa tumbaku alishuka kwenye gari la serikali akiwa na shati jeupe, akapita katikati ya safu za mitumba ndani ya ghala. Karibu kila mtumba ulifunguliwa mbele yake. Alichomoa fungu moja la majani, akalitazama, akalinusa, akasema daraja, karani akaandika, akasonga mbele. Wanaume waliovunja migongo mwaka mzima walikuwa wamebana pumzi wakisubiri neno lake moja. Nilisikia kwamba mshahara wake ulimpita mwalimu mkuu kwa mbali. Kilichonipendeza zaidi ni kwamba hakuketi hata mara moja. Leo Urambo, kesho Igalula, keshokutwa kijiji kingine.

Nilimuuliza mama mtu yule anajuaje.

"Anajua unayoyajua wewe," akasema. "Ila yeye analipwa."

Ni kweli mama alikuwa amenifundisha. Alichambua majani mlangoni mwa bani asubuhi, yakiwa yamelainika kwa umande: ya chini ya mche, ya katikati, ya juu, yenye rangi ya ndimu na yenye rangi ya chungwa, yaliyobaki na kijani na yaliyoungua akayatupa. Wakulima wengi waliyaficha mabovu katikati ya mtumba, na kila mtoto wa Urambo aliujua mchezo huo. Mama hakuucheza. Kwa sababu hiyo mitumba yake haikufunguliwa. Mteuzi aliipiga kofi, akataja daraja la kwanza, akapita. Mama hakuwa na kitu kingine cha kujivunia mbele za watu, na hicho kilimtosha.

Sitachosha mtu na habari za njia niliyopita. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama: sekondari Tabora mjini, jeshi la kujenga taifa, kisha maombi niliyoyarudia mpaka wakachoka kunikataa. Katika mafunzo ya uteuzi nilikuwa msichana peke yangu. Waliniuliza nikiolewa itakuwaje. Nikajibu kwamba tumbaku haitajua.

Mteuzi mkuu aliyetufundisha alikuwa mzee wa mjini, wa ukoo wa Waarabu waliofanya biashara Tabora tangu enzi za misafara. Alitukataza vitunguu, ugoro, mafuta ya nywele na sabuni ya kunukia, kwa sababu pua ndiyo jembe letu. Yeye mwenyewe alikuwa amepiga marufuku udi nyumbani kwake. "Mke wangu amenisamehe kila kitu ila hilo," alituambia. Kisha alikuwa na neno lake, alilolisema kila asubuhi kabla hatujagusa jani: "Mteuzi akiingia sokoni hana mama." Tulicheka mwanzoni. Baadaye tukaacha kucheka, kwa sababu wenzetu wawili walipandisha madaraja ya jamaa zao na wakarudishwa makwao na mabegi yao.

Mtihani wa mwisho ulikuwa soko lenyewe. Kila mwanafunzi alipangiwa kijiji, na mkuu angemfuata nyuma akiangalia. Mimi nikapangiwa cha kwetu. Sidhani ilikuwa bahati mbaya.

Habari ilifika kijijini kabla yangu. Jumapili nilipokwenda kumsalimu mama, mwenyekiti wa kijiji alinikuta njiani na jogoo mkononi. "Damu nzito kuliko maji, mwanetu," akasema. Nilimrudishia jogoo wake, akanuna. Nyumbani nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikimweleza mama yote. Kwamba mjini wameshaanza kusema nitawapendelea watu wangu. Kwamba mkuu ameshaambiwa. Kwamba nikimpa mtu wa kijiji hiki daraja la kwanza, hata kama ni haki yake, watasema si tulisema. Niliogopa. Nilikuwa nimeitaka kazi ile tangu nikiwa na mikono myeusi, na sasa ingeniponyoka kwa sababu ya mahali nilipozaliwa.

Mama aliendelea kuchambua. Aliuliza jambo moja tu: "Na mtumba wangu?"

"Wa kwako ndio utakaonimaliza," nikasema. "Hakuna atakayeamini."

Akaniambia nikachote maji, maana nilikuwa namtia kizunguzungu.

Siku ya soko ghala lilijaa. Mkuu alinifuata, mikono nyuma. Nilianza upande wa mlango. Mtumba wa mwenyekiti niliushusha daraja, akaguna kama ng'ombe. Mingine ilipita salama. Kisha nikafika kwenye wa mama, na wabebaji, kwa mazoea, wakaanza kuunyanyua kuupeleka kwenye mizani.

"Bado," nikasema. "Fungueni."

Watu wakatazamana. Mama alikuwa amesimama na wakulima wenzake, kanga mabegani. Wakafungua. Majani ya juu yalikuwa ya ndimu, masafi. Nikainua ya chini, masafi vilevile. Ningeweza kuishia hapo. Nilisikia pumzi ya mkuu nyuma yangu, nikaingiza mkono katikati mpaka kiwiko, na kabla sijaona chochote vidole vikaniambia. Lilikuwa fungu kavu, jepesi, gumu kingoni. Nikalitoa. Nusu ya majani yalikuwa yamebaki na kijani na nusu yameungua, na fungu limefungwa shingoni kwa jani lililozungushwa mara mbili na ncha yake kuchomekwa ndani. Hakuna aliyefunga hivyo isipokuwa mama.

Nilitaka kulirudisha. Nasema wazi, mkono ulitaka. Lakini hasira ilinijaa pia. Mama yangu, mwaka huu kati ya miaka yote!

"Urudishwe," nikasema. "Ndani yake kumefichwa majani mabovu."

Mwanamke mmoja akasonya kwa nguvu. Mkuu akalichukua fungu, akalinusa, akauliza mtumba ni wa nani.

"Wa mama yangu, mzee."

"Endelea," akasema. Kisha akaenda kuketi juu ya sanduku karibu na mlango, akaomba chai. Mitumba yote iliyobaki niliiteua peke yangu, bila mtu nyuma yangu, na niliowapa daraja la kwanza hakuna aliyewanyooshea kidole.

Jioni nilimkuta mama mlangoni mwa bani, amepiga magoti, anauchambua mtumba uliorudishwa.

"Umeniaibisha mbele ya kijiji kizima," nikasema, hata shikamoo nikaisahau.

"Keti."

"Siketi!"

"Basi simama. Wewe uliketi lini?"

"Kwa nini uyafiche? Wewe, mama!"

"Ungesema daraja la kwanza, wangesemaje?"

"Ilikuwa haki yako!"

"Ilikuwa haki yangu. Na wewe ungerudi hapa kuchuma." Akatupa jani bovu kando. "Yule mzee alikuja kutazama kama una mama. Nikamwonyesha huna."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaketi bila kulazimishwa.

"Na kama nisingeyaona?"

"Ningekuwa nimelea kipofu, na kipofu kazi ile haimfai."

"Si ungeniambia."

"Ningekuambia, siri ungeificha wapi? Uso wako hauna mlango."

Nililia. Nikamwambia nitakwenda asubuhi kwa mkuu nimweleze ukweli, jina la mama lisafishwe. Mama akacheka, kicheko chake kifupi.

"Nenda. Nami nitamwambia unanitetea kwa sababu ni mama yako. Unafikiri atamsadiki nani, mayu?"

Sikwenda. Kazi nikaipata, na mshahara wake ulikuwa kama nilivyousikia. Nilimwezekea mama nyumba ya bati, nikamnunulia godoro, akanishukuru kwa kila kitu. Nilizunguka kila kituo cha tumbaku kuanzia Urambo hadi upande wa Nzega, na kila nilipofika nyumba ya wageni nilitamani kuondoka kabla sijafungua begi. Watu walidhani ni bidii.

Lakini tangu siku ile hakuna mteuzi aliyeupiga kofi mtumba wa mama na kupita. Msimu baada ya msimu waliifungua mitumba yake yote, wakaimwaga sakafuni, wakaichambua mpaka jani la mwisho, na hawakupata kitu. Nilipokuja kuwa mkufunzi, vijana walifika darasani wakiwa wameshasimuliwa habari za mama wa Urambo aliyemfichia majani hata binti yake. Hawakujua binti huyo ni mimi. Walipocheka, nilitoka nje nikisingizia kikohozi.

Msimu wake wa mwisho wa kulima, soko la kijiji chetu lilikuwa zamu yangu, na vijana hao wakinifuata nyuma. Mama alikuwa amezeeka, ameshika fimbo. Mtumba wake ulipofika mbele yangu nilitaka kuupiga kofi nipite, kama walivyofanya wale wa zamani. Nikainua mkono. Macho yetu yakakutana, akatikisa kichwa kidogo, hapana.

Nikaufungua. Niliushusha wote sakafuni, nikaingiza vidole katika kila fungu, vijana wakitazama, na majani yote yalikuwa ya ndimu.

"Daraja la kwanza," nikasema, na hakuna aliyenong'ona.

Mama alikuwa ameshaweka fimbo chini na kupiga magoti, anayaokota majani yake kuyapanga upya. Nikapiga magoti nikamsaidia.