Yakuti ya Gongoni

Kitunguu saumu kikikaangwa nyumba ya jirani, mimi hufunga dirisha. Wanangu hunicheka, wanasema mama yao ni mwalimu wa kemia anayeogopa kiungo cha mchuzi. Nawaacha wacheke, kwani kicheko hakijamuua mtu. Lakini harufu ile ikinifika puani tu, narudi kuwa msichana wa miaka kumi aliyeketi kwenye sakafu ya saruji iliyopasuka, Gongoni, mjini Tabora, mgongo ukutani, akisikiliza nyayo za wapita njia na kukatazwa hata kukohoa. Majuma matatu ya kiangazi tulifungiwa ndani, mimi na mdogo wangu Idi wa miaka minne. Mchana kutwa nyumba ilinuka saumu, na jikoni hakukuwa na punje hata moja. Harufu ilitoka kwenye jiwe.

Baba yangu alikuwa sonara. Babu yake alifika na misafara kutoka pwani, akaikuta asali ya Unyamwezi, akaoa, akasahau kurudi. Ndivyo tulivyoelezwa, na karibu kila ukoo wa mtaa ule una babu wa namna hiyo. Alichotuachia ni nyumba ya kuta nene za udongo na madirisha madogo yaliyowekwa juu kabisa, kama vile aliyeijenga alikuwa na ugomvi na jua. Chumba cha nyuma kilikuwa karakana ya baba: mkaa, mvukuto, koleo, na bomba jembamba la kupulizia moto kwa mdomo. Kazi yake iliyojulikana ilikuwa ya nyuzi. Aliivuta fedha ikawa nyembamba kama unywele, akaisokota kwa ncha za vidole bila kuitazama, huku akizungumza na mteja habari za mvua. Watu walisema vidole vyake vina macho. Nilijivunia sana vidole vile, na shuleni niliwasimulia wenzangu mpaka wakanichoka.

Mwaka ule mama alikwenda Kaliua kumuuguza bibi. Hajamaliza wiki, akaja mfugaji mmoja kutoka Ziba aitwaye Masanja, aliyekuwa akichimba kisima cha kunyweshea ng'ombe. "Mwangaluka, fundi," alisalimu kwa Kisukuma mlangoni, akavua kofia na kufungua kiroba. "Ng'ombe wangu wamekataa maji ya pale, wananusa tu wanarudi. Lakini tazama ukuta wa kisima umeota nini." Yalikuwa mawe ya kijivu, ya kawaida kabisa, ila juu yake yalivaa utando wa waridi iliyokolea, rangi ya juisi ya rozela kabla haijatiwa maji mengi. Ukisogeza jicho uliona sindano ndogo ndogo, nyembamba mno, zimetawanyika kutoka kitovu kimoja. Sijawahi kuona kitu kizuri kiasi kile kikitoka ardhini. Masanja alituachia kiroba kizima, maana kwake yalikuwa mawe tu, na shida yake ilikuwa maji.

Baba alibanja kipande, akakiweka juu ya mkaa, akapuliza. Waridi ikafifia, kisha ikageuka samawati iliyopauka mbele ya macho yetu. Akasaga kipande kingine, akakichanganya na buraksi, ile chumvi nyeupe ambayo masonara huitumia kulehemu, akapuliza tena mpaka mashavu yakamvimba. Kilichobaki kilikuwa tone la kioo, buluu nzito, safi, la kumfanya mtu asahau alichokuwa anasema. Sasa, katika Kiswahili chetu yakuti ni neno moja kwa mawe mawili: iko yakuti nyekundu na iko yakuti samawati. Baba alifundishwa na baba yake kwamba hizo ni ndugu. Mtu aliyeona jiwe jekundu likizaa la buluu ana haja gani ya shahidi mwingine? "Yakuti hii, Hadija," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nyekundu na samawati, tumbo moja." Msemaji wa lugha ambamo mawe hayo yana majina mawili yasiyofanana huenda asingetumbukia mtegoni. Sisi tulisukumwa na neno letu wenyewe.

Kesho yake Idi alitoka nje akawatangazia watoto wa mtaa kwamba baba ana jiwe la uchawi. Baba alipopata habari hakumpiga. Siku ya Ijumaa alituvika nguo za safari, akatufungia mzigo, akatushika mikono na kutupitisha barabarani mchana kweupe, akimwambia kila aliyesalimiana naye kwamba anatupeleka stesheni, tunamfuata mama Kaliua. Nilifurahi mno, nikawapungia wenzangu. Stesheni tulikaa kidogo kwenye benchi, tukaiona treni ikiondoka, kisha watu walipokuwa msikitini akaturudisha nyumbani kwa njia ya vichochoro. "Mtoto hana siri," alisema, akageuza ufunguo. Tangu saa ile, kwa mtaa mzima, sisi tulikuwa Kaliua.

Kukaa ndani si adhabu mpaka uwe huna ruhusa ya kuwapo. Tulitembea peku. Tulicheza kwa ishara. Idi akitaka kulia nilimfunika kanga kichwani na kumbembeleza, mpaka akajifunza kulia bila sauti, jambo ambalo mtoto wa miaka minne hapaswi kulijua. Joto la kabla ya mvua lilijaa ndani ya kuta zile likakataa kutoka, maana baba aliziba madirisha kwa magunia ili moshi usionekane. Nyuma ya mlango mvukuto ulivuma asubuhi hadi jioni. Alitaka tone kubwa zaidi, safi zaidi, lisilo na mapovu. Na saumu ile ilipenya kila mahali. Ilikuwa kwenye uji, kwenye mto wa kulalia, kwenye nywele zangu. Kichwa kiliniuma kila siku, nikadhani ni njaa ya kuona watu.

Nje nako harufu haikukaa kimya. Gongoni saumu ikikaangwa kila mtu anajua pilau inakuja, na pilau ina sheria zake: jirani akiinusa, sahani yake lazima ifike. Siku ya kwanza majirani walisubiri. Siku ya pili wakanung'unika. Kufikia juma la pili, kutoka chini ya dirisha nilisikia hukumu yao. Mwanamume ambaye mke wake hayupo, watoto wake hawapo, amefunga madirisha, na kila siku anapikiwa pilau. Huyo ana mwanamke ndani! Kila mmoja aliongeza lake. Mmoja alisema ni Mmanyema, mwingine akaapa ameuona mkono wake ukimwaga maji uani, na mkono huo ulikuwa wangu. Nilicheka kwa kuuma kanga. Baba aliposikia hakukanusha. Nadhani ule uzushi ulimfaa.

Siku moja alipokwenda msalani aliuacha mlango wa karakana wazi, nikaingia. Nilitaka tu kuliona tena jiwe la waridi kabla halijachomwa. Nikazigusa zile sindano kwa ukucha, na ukucha ukaacha mfereji. Nikajaribu tena, polepole. Unga wa waridi ukanibaki kidoleni. Mtoto wa sonara hahitaji shule kujua maana yake: yakuti hukwaruza kioo, haikwaruzwi na ukucha wa msichana. Nilikuwa na neno la kutufungulia mlango, na sikulisema. Nilimwogopa baba, ndiyo, lakini zaidi nilimwonea huruma. Nilinawa kidole, nikarudi kukaa ukutani. Siku tatu nililinyamazia neno lile, na katika siku hizo tatu Idi akaanza kutapika.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanzoni baba alisema ni minyoo. Kisha Idi akakataa maji, kama wale ng'ombe wa Ziba, na macho yake yakaingia ndani. Akawa mwepesi mikononi mwangu. Nilimwomba baba ampeleke hospitali, akanijibu bila kugeuka, "Kesho, tone hili likitoka." Alasiri hiyo hiyo nikasikia ngumi mlangoni. Alikuwa Bi Tausi, jirani yetu, shoga wa mama tangu utoto wao, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara.

"Toka, wewe mwanamke!" alifoka. "Toka tukuone! Mwenzio anauguza mama yake, wewe unakaangiwa saumu kwenye jiko lake! Leo sibanduki hapa."

Baba alitoka karakana, akaniwekea kidole mdomoni. Nilimtazama, nikamtazama Idi aliyelala mkekani mdomo wazi.

"Shikamoo, Bi Tausi," nikasema kwa sauti kubwa. "Ni mimi, Hadija. Hatujapika pilau. Ni jiwe. Idi anakufa."

Hata Bi Tausi alikosa la kusema, na hilo sijalishuhudia tena maishani. Kisha akasema taratibu, "Marahaba, mwanangu. Mwambie baba yako afungue, au mlango huu tunauangusha." Baba alitoa ufunguo mfukoni, lakini vidole vyake havikuweza kuuingiza kwenye tundu. Alijaribu mara mbili, ukaanguka. Niliuokota mimi, nikafungua mimi. Mwanga ulinipiga usoni mpaka nikaona giza, na Bi Tausi alikuwa tayari amembeba Idi begani anakimbia naye barabarani, mtandio umemwanguka, akiita watu wampishe.

Idi alipona, ingawa ilichukua muda. Sisi sote tulilazwa, na daktari ndiye aliyeuliza tumekuwa tukichoma nini. Baadaye alikuja afisa wa madini, kijana mpole mwenye miwani, akachukua kipande kutoka kwenye kiroba na jambo la kwanza alilofanya ni kukikwaruza kwa ukucha. Nilimpenda hapo hapo. Alisema ni erithraiti, madini adimu upande wetu, ambayo hajapata kuyaona ila vitabuni: kobalti na aseniki zilizoshikana na oksijeni, zikafungana na maji ndani ya fuwele. Huota kama ukungu juu ya miamba yenye kobalti, hewa na maji vikiifikia. Ukiipasha moto, maji huondoka na waridi hupotea. Ukiiyeyusha na buraksi, kobalti hukipaka kioo buluu ile iliyotupumbaza. Na aseniki hupanda na moshi ikinuka saumu. Ilikuwa sumu, alisema, na tuliivuta majuma matatu. Kisima cha Masanja kikafukiwa, akachimba kingine mbali, ambacho ng'ombe walikikubali.

Siku hizi jiwe geni likiokotwa Ziba asubuhi, picha yake hufika Dar es Salaam kabla ya adhuhuri, na mtu asiyemjua aliyeliokota humjibu ni nini. Nawafundisha wanafunzi wangu jaribio la tone la buraksi, madirisha yote yakiwa wazi, na wao hushangilia buluu ikitokea. Idi ni fundi pikipiki mwenye tumbo na kelele nyingi. Hakumbuki hata kidogo. Mama, Mungu amrehemu, aliishi miaka mingi akimtania baba kuhusu mke wake wa pili, yule wa jiwe. Baba sasa anaishi kwangu. Ganzi ya mikono aliyoachiwa na sumu ile haikumtoka, na tangu kiangazi kile hajasokota uzi wa fedha tena.

Mwezi uliopita nilimsimulia jinsi wanafunzi walivyofurahia lile tone, nikiwa nacheka, nikijua habari hizo zimekwisha kupoa. Hakucheka. Alitazama mikono yake iliyolala mapajani.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, baba?"

"Kwamba si yakuti. Siku ya tatu nilijua. Mimi sonara, nisijue jiwe laini?"

"Sasa mbona hukufungua mlango?"

"Nilishampigia mama yako simu. Alilia kwa furaha, Hadija. Nikawa natafuta namna ya kulifanya liwe yakuti."

Miaka yote hii nimekuwa na hasira na baba asiyejua, na ilikuwa hasira nyepesi, maana asiyejua husamehewa. Nilijibebesha mimi lile kosa la siku tatu, nikaolewa nalo, nikazaa nalo. Kumbe tulikuwa wawili tuliojua, chini ya paa moja, kila mmoja akimnyamazia mwenzake, na kati yetu mtoto akitapika. Sijui huyu baba aliyejua nimsameheje. Sijaanza hata kumzoea. Chai yake ilikuwa mezani na hawezi kushika kikombe, kwa hiyo nikaketi nikamshikia, akanywa kidogo kidogo mpaka ikaisha. "Ahsante, mwanangu," akasema. Nikachukua kikombe, nikaenda kukiosha.