Kwenda Kedarnath Bila Baba

Mama aliniambia ndani ya gari, tukiwa tumeegesha nje ya duka la viungo, injini ikiwa imewashwa ili tusigande. Ilikuwa Februari, siku chache baada ya sikukuu ya Shivaratri. Siku ya sikukuu hiyo ndiyo makuhani wa kule India hutangaza tarehe ya kufungua milango ya Kedarnath, na kwenye hekalu letu la Scarborough, huku Kanada, watu walikuwa wameshaanza kuulizana nani anakwenda mwaka huu.

"Mimi nakwenda," mama alisema. "Wewe utanipeleka."

"Na baba?"

Alifuta ukungu kwenye kioo kwa ncha ya shali yake.

"Bila yeye."

Kedarnath ni hekalu la Shiva, juu sana kwenye milima ya Himalaya. Baada ya Diwali, theluji inapokaribia, hekalu hufungwa na sanamu ya mungu hushushwa bondeni ikae huko majira yote ya baridi. Milango haifunguliwi tena mpaka Aprili au Mei. Wazazi wangu walikuwa wamepanga kwenda pamoja tangu kabla sijazaliwa. Lakini walikuwa na mashine ya kusaga unga Moshi, na mashine ile haikumwachia mtu nafasi. Wangeondoka wote wawili, nani angesaga mahindi ya watu? Kila mwaka baba alisema, "Mwakani, milango ikifunguliwa." Baadaye mashine ikauzwa, tukahamia Toronto, baba akapata kazi ya ghala huko Brampton, nayo haikuwa na likizo ya maana. Alipostaafu hatimaye, akaanza kusahau.

Kiingereza ndicho kilichomtoka kwanza. Kisha Kigujarati kikaanza kumponyoka, nusu sentensi leo, nusu sentensi kesho, mpaka kikabaki Kiswahili, kile alichokuwa akiongea na wateja wake. Tuna bahati kwamba dada anayekuja kumwangalia mchana ni mtu wa Bukavu, Kongo. Wanaelewana vizuri, ingawa baba hachoki kumsahihisha Kiswahili chake. Mimi ni mtoto wao wa pekee. Mchana natengeneza meno bandia kwenye maabara moja, jioni nafika nyumbani Malvern, namwogesha baba, namlisha, namlaza.

Siku ile ndani ya gari nilimwona mama kama mtu nisiyemjua. Nilitaka kumwambia kwamba huo ni ukatili. Badala yake nikajikuta nahesabu moyoni asubuhi ambazo nisingelazimika kumvalisha mtu soksi. Furaha ilinijia kabla ya huruma. Nikaangalia pembeni asije akaiona usoni kwangu.

Tulianza kupanga. Tatizo la kwanza lilikuwa jina lenyewe. Baba alikuwa amesahau mengi, lakini akisikia "Kedarnath" aliinuka, akavaa koti lake zito, akatia taulo na mswaki kwenye mfuko, akaenda kusimama mlangoni.

"Twendeni," alisema. "Milango imeshafunguliwa. Mnangoja nini?"

Mara ya kwanza tulicheka, na yeye akacheka na sisi. Nikamtembeza mpaka mwisho wa mtaa kwenye theluji, tuliporudi alikuwa ameshasahau. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Tukaamua kutolitaja jina hilo nyumbani, tukawa tunasema "kule juu". Haikupita wiki akawa anainuka hata kwa "kule juu". Siku moja nikiwa kazini, yule dada alinipigia simu.

"Papa amevala koti tena," alisema. "Anasema munataka kumuacha. Nimuambie nini?"

"Mwambie tunakwenda dukani tu."

"Mimi nimuambie uongo mtu mukubwa?"

"Basi, mwambie nakuja."

Tangu hapo tulifanyia mipango yote ndani ya gari. Humo ndimo tulimojiandikisha kwa simu yangu, humo tukabishana kama mama apande kwa farasi au abebwe kwenye kiti na wanaume wanne, maana njia ni ya mawe na ni mwendo wa siku nzima. Mama alitaka kutembea. Daktari alikuwa amempima akasema moyo wake ni mzima na magoti yake ni ya mtu wa miaka hamsini, basi akaona hana sababu ya kubebwa. Ili ajizoeze, nilimpeleka kwa rafiki yake anayeishi kwenye jengo refu la ghorofa, akawa anapanda ngazi za pale na kushuka, mkono mmoja ukiwa umeshika sari, nami nikimfuata nyuma na chupa ya maji.

Baba aliuliza tunakwenda wapi kila Jumamosi.

Ni mimi niliyejibu. Sikufikiri. "Kwa daktari, baba. Magoti ya mama yanamsumbua."

Mtu huyu alikuwa hakumbuki kama amekula. Jina langu alilikumbuka siku moja, siku ya pili aliniita jina la dada yake. Lakini uongo ule aliushika. Jioni hiyohiyo, baada ya chakula, alikwenda jikoni akatafuta mafuta ya ufuta, akayapasha moto kidogo kwenye kijiko, akaja akapiga magoti mbele ya kiti cha mama.

"Hebu nione," alisema.

Akamsugua magoti. Polepole, kwa vidole vyote, kama mtu anayejua kazi yake. Mama alinitazama juu ya kichwa cha baba na mimi nikayaondoa macho yangu pale. Kesho yake akafanya vilevile, na keshokutwa. Kila jioni magoti mazima ya mama yalisuguliwa mafuta, na kila Jumamosi magoti hayohayo yalipanda ngazi yakijiandaa kumwacha.

"Mwambie yamepona," nilimnong'oneza mama siku moja jikoni.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyeyaumiza."

Sikumwambia.

Aprili tulipata nafasi ya majaribio kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, si mbali na kwetu. Angekaa Ijumaa mpaka Jumatatu, tuone kama ataweza kukaa wiki tatu tutakapokuwa safarini. Palikuwa mahali pazuri, pasafi, dirisha linaangalia miti. Lakini tulipofika baba alikataa kushuka kwenye gari. Alishika mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

"Hapa ni hospitali," alisema. "Mimi siumwi. Anayeumwa ni yeye."

Mama alimbembeleza. Muuguzi mmoja alitoka akambembeleza kwa Kiingereza. Baba akazidi kushika mkanda. Nyuma yetu gari lingine lilikuwa linangoja tupishe. Ndipo nikaufungua mlango wake, nikainama, nikamwambia kwa sauti ya chini:

"Baba, tunakwenda Kedarnath. Hapa ndipo mahujaji wanapolala kabla ya kupanda."

Uso wake ukafunguka. Aliachia mkanda, akashuka mwenyewe, akauliza mfuko wake uko wapi. Mlangoni alikutanisha viganja kumsalimu muuguzi kwa heshima, na wazee waliokaa kwenye viti vya magurudumu akawasalimia mmoja mmoja. "Mmetoka mbali? Poleni na safari." Nikamfikisha chumbani, nikamwonyesha kitanda, akakaa. Alikuwa na furaha kama mtoto. Nikatoka haraka.

Tulipofika nyumbani mama alisema neno moja tu. "Jina hilo."

"Nilikosa la kusema, mama."

"Ungenyamaza."

Jumatatu tulikwenda kumchukua. Tulimkuta amekaa kwenye kiti karibu na mlango, amenyolewa ndevu vizuri, mfuko uko mapajani. Alipomwona mama aliinuka.

"Umechelewa," alimwambia. "Wenzetu wote wameshapanda. Wameniambia twende, mimi nikasema siendi. Nikasema namngoja mke wangu, magoti yake mabaya, hawezi kupanda peke yake."

Muuguzi, ambaye hakuelewa Kiswahili, alitabasamu akasema kwamba baba alikuwa mtulivu kabisa, ila alikataa kutoka kwenye kile kiti. Hata chakula walimletea palepale.

Sikumbuki nilivyoendesha gari siku hiyo. Nakumbuka mama amekaa kiti cha nyuma pamoja na baba, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Nyumbani hakuvua hata koti. Alimkalisha baba kwenye meza ya jikoni, akakaa mbele yake. Mama hajawahi kumwita baba kwa jina. Wanawake wa Kigujarati wa rika lake hawafanyi hivyo. Humwita kwa kusema, "Unasikia?"

"Unasikia?" alisema. "Magoti yangu mazima. Tulikudanganya. Nataka kwenda Kedarnath mwaka huu, na wewe huwezi kwenda, akili yako inaumwa. Nataka kwenda bila wewe."

Nilisimama mbele ya friji, nimeshika mlango wake. Nilidhani atainuka kwenda kutafuta koti. Hakuinuka. Alimtazama mama kama alivyokuwa akimtazama mteja aliyekuja na gunia lisilo na jina.

"Nenda," alisema. "Mmoja wetu lazima abaki na mashine. Mahindi ya watu yako pale."

Mama alijifunika uso kwa shali. Mimi, nasema kweli, nilishukuru. Niliona mambo yamekwisha, ruhusa tumepewa, na kwa mdomo wake mwenyewe.

Kwa mama hayakuwa yamekwisha. Asubuhi iliyofuata baba hakukumbuka lolote, na mama akasema ruhusa ya mtu asiyejua kama ameitoa si ruhusa. Akamwambia tena. Siku hiyo baba alilia. Siku nyingine alikasirika, akauliza ni mke gani anayemwacha mumewe kwenye nchi ya baridi. Siku nyingine alisema tena habari ya mashine, akamwagiza amletee maji ya mto Ganga. Mara moja alijibu, "Nenda, mama," kwa adabu, na tukajua hakumjua ni nani.

"Acha kumuuliza," nilimwambia mama. "Unamtesa. Alishasema nenda. Chukua hilo."

"Wewe unachagua jibu unalolipenda."

"Na wewe unatafuta lipi?"

Nadhani hakuwa anatafuta jibu. Alikuwa ameamua kwamba, kama ni kumwacha, amwache huku akimtazama machoni, kila siku, hata kama yeye hatakumbuka. Mimi sikuwa na moyo huo. Nilikuwa nikimwona anavuta kiti mbele ya baba, natoka nje kutupa taka zisizojaa.

Mwezi wa Mei ulipita bila sisi kwenda. Milango ilifunguliwa; tuliona kwenye simu picha za hekalu limepambwa maua, theluji bado iko paani. Mama akazitazama akasema tutakwenda Septemba, mvua zikipungua, kabla hawajafunga. Na baba hatapelekwa popote. Nilimwomba yule dada wa Bukavu ahamie kwetu kwa wiki hizo tatu, alale chumbani kwangu. Alikubali, akasema afadhali, maana angalau sasa hatatakiwa kumdanganya mzee.

Asubuhi ya kuondoka baba alikuwa anakunywa uji. Mama alimwambia kama kawaida, wapi anakwenda na kwamba anamwacha. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi.

"Safari njema," baba alisema, akaendelea na uji wake.

Ndani ya teksi nilihisi mabega yangu yanashuka, nikawa naona haya kwa mabega yangu mwenyewe.

Kuhusu kule juu sina mengi ya kusimulia. Mama alitembea sehemu kubwa ya njia, akabebwa iliyobaki. Tulisimama kwenye foleni ndefu, kwenye baridi kali, kengele zikilia, na alipofika mbele ya jiwe linaloabudiwa humo kama Shiva mwenyewe, watu walikuwa wanasukumana nyuma yake, akapata nafasi ya kugusa tu na kupita. Nilimuuliza aliomba nini. Alisema hakuomba. Alikuwa anawaza kama baba amekula.

Usiku ule tulilala kwenye chumba cha wageni chenye mablanketi mazito yanayonuka moshi. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyetembeatembea ukumbini. Niliamka jua limeshatoka.

"Nimelala vizuri sana, mama," nilisema.

"Hata mimi," alisema. Tukawa tunafunga mizigo yetu bila kutazamana.

Tulirudi Toronto mchana, siku ya mvua. Yule dada alifungua mlango, na baba alikuwa nyuma yake, amepungua kidogo, amevaa sweta lililopigwa pasi. Alitutazama, mimi na mama, na masanduku yetu.

"Dada," alimwambia, "hawa wageni wamekula?"

Yule dada aliniangalia. Mama ndiye aliyejibu.

"Bado hatujala."

"Basi karibuni," baba alisema, akamvutia mama kiti.