Ngoma Ndogo ya Ukunda

Jirani akichoma taka za plastiki, mimi humkumbuka shangazi yangu, mpiga ngoma za harusi. Alinipeleka Ukunda kutazama seti ya ngoma kuukuu za mwanamuziki wa hoteli aliyekuwa akiziuza ili arudi kwao bara. Shangazi alizigonga moja moja, akitega sikio.

"Hii ndogo imelegea," alisema.

Kwetu ngoma ikilegea hupashwa moto, nami nikaiinamisha juu ya jiko la makaa uani. Kumbe ngozi yake ilikuwa plastiki! Ikajikunja, ikatoboka.

"Nani amechoma ngoma yangu?" mwenyewe alifoka.

"Ni mimi, mwanangu, niwie radhi," shangazi alijibu kabla sijafungua mdomo. "Nitazichukua zote, na hiyo pia."

Nyumbani aliiwamba ngozi ya mbuzi, akaianika juani, kisha akanipa mimi niipige kwanza.