Somo la Ndoo

Nimelikana jambo hili miaka mingi, hasa mbele ya wasomi wenzangu tunapozikashifu shule za zamani: somo la Kiingereza la mwalimu wetu wa darasa la tano, kule Ruiru, lilikuwa raha yangu kuu. Juzi niliosoma nao waliponiomba nitoe hotuba ya kumuaga akistaafu, nililia kidogo, kisha nikalaumu vitunguu.

Bado nazikumbuka asubuhi za huko: maganda ya kahawa yakioza kando ya mto, uji wa wimbi, chaki. Mwalimu alitufundisha must, have to na ought to, maneno ya lazima, kwa ndoo. Alisimama mlangoni akataja kazi ya nyumbani kwake, kuteka maji au kusugua sufuria. Ukijibu upesi, "I have to fetch water," umepona. Ukikwama, ndoo ni yako, toka mtoni hadi nyumbani kwake. Mimi sikukwama kamwe. Nyanya alinisikia nikijigamba, akasema, "La lazima ni kifo; mengine umepangiwa na watu." Nikamwona mshamba.

Aliyekwama kila mara ni mwenzangu wa dawati, binti wa mchuma kahawa aliyetoka magharibi mwa nchi. Alishinda njiani na ndoo, nasi dirishani tukimwimbia aharakishe, "You must hurry! You must hurry!" Wimbo ulikuwa mtamu, nao makofi. Siku moja hakuonekana tena. Tukaambiwa wamerudi kwao.

Kumbe hawakwenda popote. Shamba lile sasa ni maghorofa, naye yuko mtaa wa mabanda wa Kiandutu, anafulia watu nguo. Nilipata nambari yake, nikampigia nimwalike tuketi pamoja meza ya mbele.

"Nikuje kufanya nini, msomi?" akacheka.

"Kumshukuru mwalimu. Si alitutoa mbali?"

"Wewe ndiye alitoa. Mimi siku ya mwisho niliteleza hapo kwa mteremko, maji yote ikamwagika. Akasema nirudi mtoni. Nikaangalia dirisha, nione kama kuna mtu atanihurumia."

"Hiyo siku siikumbuki."

"Wimbo ni wewe ulianzisha. Nikaacha ndoo hapo hapo, nikaenda kuchuma kahawa na mama."

Nikamuuliza kama nimtumie nauli, mimi mwenye shahada mbili za maneno.

"Usijali, dadangu," akasema. "Hotuba toa tu. Lakini jina langu usiguse. Mimi mlishaniimba."